Kumfia Mtu Mikononi: Lugha ya Maana, Roho na Mauti katika Vikao vya Wahudumu wa Afya

1. Utangulizi

Katika sarufi ya Kiswahili ni nadra mtu kufa peke yake. Kitenzi -fa kikitiwa kiambishi cha kutendea huzaa -fia, na hapo kifo humgusa mtu wa pili: mtoto humfia mama yake, mume humfia mkewe. Aliyefikwa na jambo hilo husemwa kuwa amefiwa, na kutokana na kitenzi hicho likapatikana jina mfiwa. Lugha nyingi zahitaji sentensi nzima ili kueleza hali hiyo. Kiswahili chaieleza kwa neno moja lenye silabi tatu.

Umbo hilo la -fia lina matumizi matatu yaliyo dhahiri. Kwanza, hutaja mahali: alifia Mombasa, alifia hospitalini. Pili, hutaja jambo ambalo mtu amelitolea uhai wake: alifia nchi, alifia dini. Tatu, hutaja mtu anayeachwa na kifo hicho. Katika matumizi haya ya tatu ndimo lilimo fungu la maneno ambalo kila mzungumzaji amepata kulisikia: kumfia mtu mikononi. Husemwa juu ya mgonjwa aliyekata roho huku akihudumiwa, na anayetajwa kuwa amefiwa mikononi aghalabu ni muuguzi, mkunga au daktari.

Hapa ndipo lugha na desturi zinapoachana. Sarufi yamkiri muuguzi kuwa ni mtu aliyefikwa na kifo. Desturi ya hospitali haimkiri. Hafanyiwi matanga, haletewi rambirambi, wala hapewi pole ila kwa nadra. Humfunika marehemu, hujaza fomu, hubadilisha shuka, kisha huenda kitanda cha pili. Siku nyingine hufanya hivyo mara mbili au tatu kabla ya zamu kwisha.

Makala haya yanakusudia kueleza jitihada zilizofanywa mahali mbalimbali za kuwakusanya wahudumu wa afya ili wazungumze pamoja kuhusu maana ya kazi yao, mambo ya roho na mauti. Na kuchunguza ni nyenzo gani za lugha ambazo Kiswahili kinazo kwa mazungumzo hayo, na ni wapi ambapo nyenzo hizo zaweza kumkwaza mtumiaji. Hoja inayotetewa ni kwamba kazi hii haiwezi kuachiwa matabibu peke yao. Ni kazi ya mtaalamu wa lugha pia.

2. Chimbuko la vikao

Katika miaka ya 1950, Michael Balint, mtaalamu wa saikolojia mzaliwa wa Hungaria, pamoja na mkewe Enid, walianza kuwakusanya madaktari wa kawaida katika kliniki ya Tavistock mjini London. Daktari mmoja alisimulia habari za mgonjwa aliyemtatiza, na wenzake wakachunguza kilichopita baina ya wawili hao. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1957 Balint alishikilia kwamba dawa itumiwayo kuliko zote ni daktari mwenyewe, ilhali hakuna kitabu kinachoeleza kipimo chake wala madhara yake.

Mwaka 1965 mjini Chicago, Elisabeth Kübler-Ross alifuatwa na wanafunzi wanne wa theolojia waliotaka kujifunza habari za watu wanaokabiliwa na mauti. Aliona kwamba njia iliyo bora ni kuwauliza wagonjwa wenyewe. Alipozunguka katika hospitali akiomba apewe mgonjwa wa kuzungumza naye, alijibiwa kwamba hapakuwa na mgonjwa yeyote aliyekuwa akifa. Jibu hilo lilitolewa katika hospitali kubwa iliyojaa wagonjwa mahututi. Semina yake ilipopata nguvu, wauguzi, makasisi na wanafunzi walikuja kusikiliza, na baada ya mgonjwa kurudishwa wodini walibaki kuzungumza juu ya yale yaliyowachoma wao wenyewe. Kitabu chake cha mwaka 1969 kimejulikana zaidi kwa zile hatua tano za mgonjwa. Lakini mazungumzo ya wahudumu baada ya mgonjwa kuondoka yalikuwa na thamani isiyo ndogo.

Wakati uo huo, Cicely Saunders, aliyekuwa amefanya kazi ya uuguzi na ya ustawi wa jamii kabla ya kusomea udaktari, alifungua hospisi ya St Christopher's huko London mwaka 1967. Yeye ndiye aliyefundisha kwamba maumivu ya mtu anayekaribia kufa ni maumivu kamili: ya mwili, ya akili, ya jamii na ya roho, yakiwa yamesokotwa kama ukili hata hauwezi kuutoa uzi mmoja ukaacha mwingine. Mafunzo yake yalifika Afrika ya Mashariki. Hospisi ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1990, na ile ya Hospice Africa nchini Uganda, chini ya Daktari Anne Merriman, mwaka 1993.

Aina ya kikao iliyoenea zaidi kwa sasa ilitokana na mgonjwa. Kenneth Schwartz, mwanasheria wa Boston, alifariki kwa saratani ya mapafu mwaka 1995 akiwa na umri wa miaka 40. Kabla ya kufa aliandika jinsi matendo madogo ya huruma kutoka kwa waliomuuguza yalivyomwezesha kustahimili yasiyostahimilika. Vikao vinavyoitwa kwa jina lake vilianza Boston mwaka 1997 na kuingia Uingereza mwaka 2009. Katika vikao hivyo watumishi wa kila daraja, kuanzia daktari bingwa hadi mfanyakazi wa usafi, huketi pamoja. Watatu au wanne husimulia kwa ufupi tukio lililowagusa. Kisha wengine hueleza yaliyowajia mioyoni. Hakuna anayetafuta kosa, wala hapatolewi azimio. Karibu na vikao hivi ni ile mikutano ya chai na keki iliyobuniwa London mwaka 2011 na Jon Underwood, akifuata mfano wa Bernard Crettaz wa Uswisi wa mwaka 2004, ambapo watu huzungumzia mauti bila ya kuongozwa kwenye uamuzi wowote.

Vikao vyote hivi viliundwa katika lugha za Ulaya. Anayetaka kuvianzisha katika hospitali ya Machakos, Kilifi au Kakamega hukutana na jambo moja mlangoni. Mhudumu wa Kenya hujifunza maradhi kwa Kiingereza, huzungumza na mgonjwa kwa Kiswahili, na pengine huomboleza kwa lugha ya mama. Katiba ya mwaka 2010 imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Lakini mafunzo ya utabibu hayajamwezesha mhudumu kusema kwa lugha hiyo neno zito kuliko yote anayopaswa kuyasema.

3. Neno maana

Ugumu wa kwanza umo katika neno ambalo msomaji angedhani kuwa ni jepesi. Katika bara la Afrika pamekuwa na kipimo maalumu cha hali ya wagonjwa wanaopewa huduma ya kupunguza maumivu, kilichotayarishwa na chama cha huduma hiyo cha Afrika, ambacho kilianzishwa mwaka 2004. Kipimo hicho kina maswali 10: saba kwa mgonjwa na matatu kwa jamaa yake. Mawili kati ya yale ya mgonjwa yanahusu roho moja kwa moja. Moja linamuuliza kama katika siku tatu zilizopita ameyaona maisha kuwa na thamani. Jingine linauliza kama amekuwa na amani.

Mfasiri aliye na haraka ataliuliza swali la kwanza hivi: Je, maisha yako yana maana? Kisarufi hana kosa. Lakini katika Kiswahili mtu asiye na maana ni mtu asiyefaa kitu, ni tusi. Mgonjwa aliyelala miezi minne, aliyeuza ng'ombe kwa ajili ya matibabu na anayelishwa kwa kijiko na binti yake, aweza kulisikia swali hilo kama hukumu: je, wewe wafaa nini? Atajibu kwa ukimya, na ukimya huo utaandikwa kwenye fomu kama ukosefu wa tumaini.

Neno amani nalo lina pande mbili. Latumika kwa nchi isiyo na vita na pia kwa utulivu wa nafsi. Likiachwa peke yake huelekea upande wa kwanza. Likiongezwa moyoni huelekea wa pili. Una amani moyoni? ni swali ambalo mzee wa bara na bibi wa pwani watalielewa kwa namna moja. Ama swali la thamani ya maisha, njia iliyo salama ni kuliacha neno maana na kuuliza kwa vitenzi: Ni jambo gani linalokupa nguvu asubuhi? Ni nani ambaye ungependa kumwona? Kuna lolote lililobaki ambalo hujalisema? Kiswahili hupendelea kitenzi mahali ambapo Kiingereza hupendelea jina la dhahania, na mfasiri anayelisahau jambo hilo humwacha mgonjwa mbele ya neno tupu.

Wahudumu wenyewe hawaepukani na ugumu huu wanapozungumza wao kwa wao. Muuguzi akiulizwa maana ya kazi yake, atatoa jibu la mtihani. Akiulizwa ni mgonjwa yupi asiyemsahau, atanyamaza kidogo, kisha ataanza kusimulia.

4. Roho, moyo na nafsi

Neno roho limebeba mzigo mkubwa kupita kiasi. Ni uhai: amekata roho. Ni tabia: ana roho nzuri, ana roho mbaya. Ni ustahimilivu: ana roho ya paka. Ni hofu: roho i mkononi, kiroho kinamdunda. Kwa wazungumzaji wengi ni koo pia, na ndiyo sababu mtu hukabwa roho. Daktari kijana anayemwuliza mgonjwa wa pwani kama roho yake inamsumbua asishangae akifunuliwa kinywa ili atazame makoo.

Kivumishi cha kiroho, ambacho ndicho kinachotumika kutafsiri dhana hii katika miongozo ya afya, kimekuzwa zaidi katika makanisa. Mkristo hulisikia neno hilo bila ya kutatizika. Mwislamu aghalabu atasema mambo ya dini, ya imani au ya akhera. Na asiyefuata mojawapo ya dini hizo mbili, bali anayewajali wazee wake waliotangulia, aweza kuona kwamba neno hilo halimhusu. Kwa hiyo kikao kikitangazwa kuwa cha mambo ya kiroho, baadhi ya watu watadhani kuwa ni ibada, na wengine watakosa kuja.

Moyo una nafasi pana zaidi. Huweza kuvunjika, kufa, kupewa na kutulia. Wala hauna kanisa wala msikiti. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alipotunga Al-Inkishafi juu ya magofu ya Pate na kupita kwa dunia, mlengwa wa maneno yake alikuwa moyo wake mwenyewe. Tendo hilo la mtu kuukabili moyo wake na kuuonya juu ya mauti ndilo hasa linalotafutwa katika vikao vya leo, ila kwamba linafanywa mbele ya wenzake.

Nafsi, kwa upande wake, humrudisha mtu kwake yeye mwenyewe: kujihoji nafsi, kujilaumu nafsini. Muuguzi anayedhani kwamba angalimwita daktari mapema mgonjwa angalipona, nafsi yake ndiyo inayomsuta. Huzuni na suto si kitu kimoja. Ya kwanza hupozwa kwa pole. Ya pili haipozwi kwa pole hata kidogo, kwa kuwa pole yaweza kusikika kama uthibitisho wa kosa. Anayeongoza kikao sharti azitofautishe.

5. Tasfida na hatari zake

Kiswahili ni tajiri wa tasfida za mauti. Mtu hufariki, yaani hutengana, huaga dunia, hututoka, hutangulia mbele ya haki, huitwa na Mola wake, hupumzika. Kufa, bila ya kupambwa, huachiwa mnyama, saa na injini ya gari. Majina nayo yana adabu yake: marehemu ni yule anayeombewa rehema, na hayati, jina wanaloitwa hasa watu mashuhuri, latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya uhai. Sakarati, ile hali ya mwisho, asili yake ni ulevi au kupotewa na fahamu.

Tasfida hizi ni heshima, na hakuna sababu ya kuzitupa. Hatari hutokea zinapochanganywa na tafsiri za neno kwa neno kutoka Kiingereza. Anayeambiwa na daktari kwamba tumempoteza mgonjwa ana haki ya kuuliza amepotelea wapi. Anayeambiwa kwamba hakuna la kufanya zaidi huelewa kwamba mgonjwa wake ametupwa, ilhali la kufanya lingalipo: kumwondolea maumivu, kumgeuza, kumpa maji, kumkalisha na watu wake. Kauli kama hali imebadilika haisemi imebadilika kwenda wapi. Mhudumu anayejificha nyuma ya maneno hayo hajikingi. Hulibeba neno alilolimeza na kwenda nalo nyumbani.

Neno tiba shufaa, lililoenea Tanzania, lastahili kutazamwa kwa makini. Katika mafunzo ya Kiislamu shufaa ni uombezi, hususa ule unaotarajiwa siku ya kiyama. Na sikioni liko karibu na shifaa, yaani uponyaji. Kuna uzuri katika neno hilo, kwa sababu mhudumu wa namna hii kweli husimama baina ya mgonjwa na maumivu yake kama mwombezi. Lakini jamaa anayesikia shifaa atatazamia mgonjwa apone. Istilahi haikosi kufaa kwa sababu hiyo. Yahitaji tu kufuatwa na maelezo kila inapotamkwa kwa mara ya kwanza mbele ya mgonjwa.

Upo pia upatanisho wa kisarufi unaofichua mengi. Baadhi ya wazungumzaji husema maiti huyu, wengine maiti hii. Wodini usiku mmoja mtu huyohuyo hugeuka kutoka mgonjwa ameoshwa kuwa mwili umeoshwa, na badiliko hilo la kiambishi ndilo tangazo la kwanza la kifo chake. Wahudumu wakiulizwa kwa nini wanasema hivi au vile, mara nyingi watagundua kwamba wamekuwa wakitumia ngeli kama glavu. Glavu ina kazi yake, lakini mtu hali chakula wala hawashiki wanawe akiwa ameivaa.

6. Uchuro na uji

Pingamizi kubwa dhidi ya mazungumzo haya ni ile ya uchuro: kukitaja kifo ni kukiita. Imani hiyo haiko kwa wagonjwa tu. Wauguzi na madaktari walilelewa katika nyumba zizo hizo. Isitoshe, methali husema mgonjwa haulizwi uji. Asili yake ni upole: usimtaabishe aliye hoi kwa maswali, mpe tu. Lakini ikihamishwa hospitalini huwa kisingizio cha kutomwuliza lolote, hata mahali anapotaka kufia.

Methali humjibu mwenziwe. Mficha maradhi kifo humuumbua ni ya lugha iyo hiyo, na humkemea anayefunika. Basi utamaduni wenyewe hauna kauli moja, na haifai kudai kwamba Mwafrika hazungumzii mauti. Ushahidi wa kinyume ni mwingi. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi wa wosia unaoshika mambo ya dunia na ya akhera kwa pamoja. Alifariki kiasi cha miaka miwili baadaye. Hakuogopa uchuro. Desturi ya kutoa wosia, kuombana radhi na kuagana buriani ni ya kale katika pwani, na jamii nyingi za bara zina wazee waliowakusanya wana wao ili kuwabariki kabla ya kufumba macho. Kilichogeuka ni mahali. Mauti yalipohamia hospitalini, mwenye kusikiliza wosia akawa muuguzi wa zamu ya usiku.

Mwaka 2020 jambo hilo lilidhihirika kwa ukali. Katika majira ya korona wagonjwa walitengwa, jamaa wakazuiwa, na mazishi yakawekewa mipaka. Kuaga ni kitenzi cha mtu mmoja. Kuagana ni cha wawili. Wengi waliaga dunia bila ya kuagana na mtu, isipokuwa yule aliyesimama kando ya kitanda akiwa amefunikwa uso.

John Mbiti, mwanafalsafa wa Kenya, alitumia maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kueleza kwamba marehemu anayekumbukwa kwa jina angali yumo katika Sasa, na huingia Zamani pale ambapo hakuna tena amjuaye. Nadharia yake ya wakati imepingwa, hasa aliposhikilia kwamba wakati ujao wa mbali haumo katika fikra za jadi. Lugha yenye kesho kutwa, mtondo na mtondogoo ina la kusema hapo. Lakini fikra ya kumbukumbu inawafaa wahudumu wa afya. Wagonjwa waliowafia hubaki katika Sasa yao kwa miaka, bila ya mahali pa kuwataja.

7. Umbo la kikao na jina lake

Kikao kiitweje? Mkutano una ajenda, mwenyekiti na kumbukumbu. Watu watakaa kwa daraja zao, na mdogo atangoja mkubwa aseme. Semina ina mtaalamu na wanafunzi. Baraza lina maana mbili zinazovutana. Baraza la chifu ni mahali pa kuamrishwa. Lakini kukaa barazani, kwenye kile kibao cha mawe cha nyumba za pwani, ni kuzungumza bila ya haraka, apitaye akakaribishwa. Umbo la mahali, barazani, huchukua maana ya pili na kuiacha ya kwanza. Jina kama Barazani lafaa kufikiriwa, kwa kuwa lenyewe latoa kanuni: njoo, keti, hakuna anayehukumiwa.

Na ichukuliwe mfano wa kubuni. Kiongozi, aliyefunzwa kazi hiyo, anafungua kikao kwa kueleza kwamba yasemwayo hayatatoka nje. Muuguzi mmoja anaanza: mzee wa kitanda cha dirishani alinifia mikononi alfajiri ya Jumatatu, na aliniita mwanangu. Kimya kinapita. Daktari kijana anasema, pole, sista. Mimi sikujua kwamba alikuwa na jina zaidi ya lile la faili. Kisha mama anayefagia wodi, ambaye katika mkutano wa kawaida hasemi kitu, anaeleza kwamba mzee huyo alikuwa akimwuliza kila asubuhi kama mvua imenyesha kwao, kwa kuwa alikuwa ameacha mahindi shambani. Hakuna tatizo lililotatuliwa. Lakini wodi nzima sasa inajua habari ya yale mahindi.

Mfano huo waonyesha mambo matatu. Kwanza, lazima wote wawepo. Aliye chini kabisa kwa cheo pengine ndiye aliyemsikia mgonjwa kwa muda mrefu zaidi. Pili, pole yafaa kutolewa kwa mhudumu kama itolewavyo kwa jamaa, kwa sababu sarufi imekwisha kumkubali. Tatu, kiongozi azuie mahubiri. Methali na semi za faraja, kama ile ya kazi ya Mungu haina makosa, huwa dawa kwa anayejisemea mwenyewe na kofia ya chuma kwa anayevishwa na mwenziwe kabla hajamaliza kulia.

Tofauti za dini zisifichwe. Yafaa wahudumu waambiane waziwazi kwamba jamaa za Mwislamu watapenda kumtamkisha shahada, kumsomea Yasini na kumwelekeza kibla. Kwamba Mkatoliki atamhitaji padri kwa mpako wa wagonjwa. Kwamba mwingine atataka tu kaka yake mkubwa afike. Muuguzi asiyeyajua maneno haya atamwita mlinzi awaondoe watu wakati ambapo angewafungulia mlango.

Pingamizi la mwisho ni la muda na watu. Hospitali nyingi zina upungufu wa wauguzi, na saa moja ya kuzungumza huonekana anasa. Ni kweli kwamba kikao hakiongezi muuguzi hata mmoja, wala hakipaswi kutumiwa kama kisingizio cha kutoajiri wengine. Lakini kazi ya kuomboleza inafanyika hata hivyo, kwa siri, matatuni na jikoni. Tofauti ni kwamba hufanywa na kila mtu peke yake.

8. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba Kiswahili hakikosi maneno ya kuzungumzia maana, roho na mauti. Kina maneno mengi, na baadhi yake yana makali yasiyoonekana na anayeyachukua kutoka kwenye kamusi tu. Kutokana na hayo, kazi tatu zawangoja wataalamu wa lugha. Ya kwanza ni kukusanya, kwa ridhaa ya wenyewe, lugha inayotumika hasa wodini na manyumbani kuhusu kufa, pamoja na tofauti zake za pwani na bara. Ya pili ni kuyapima maswali na miongozo ya huduma hii kwa masikio ya wagonjwa kabla ya kuchapishwa. Ya tatu ni kuingiza somo la lugha ya namna hii katika vyuo vya uuguzi na udaktari, likifundishwa kwa Kiswahili chenyewe, ili anayefuzu asikutane na neno kufiwa kwa mara ya kwanza usiku ule analolihitaji.

Hakuna mojawapo ya kazi hizo inayohitaji kungojewa kwa fedha nyingi. Zahitaji mhadhiri wa lugha na muuguzi mkuu waketi kwenye meza moja, jambo ambalo katika vyuo vyenye idara zote mbili ni mwendo wa dakika chache kwa miguu.